ROHO YAKO NA ROHO YA MWENZIO WAKATI WA HATARI

 

Katika darasa la fiqhi, tunapofika mlango wa dharura, huwa hakosekani mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kuuliza: Je, mtu akiwa baina ya kufa na kupona, si lazima awe mbinafsi ndiyo apone? Wengine huuliza kwa utani, lakini wapo wanaouliza kwa uchungu, kwa kuwa visiwani kwetu na pwani yetu si wachache waliofiwa baharini. Mtoto ambaye mjomba wake aliokoka na wengine wa nyumba ile ile wakapotea anataka kujua afikiri nini juu ya mjomba wake. Suala hili lina haki ya kujibiwa kwa utulivu.

Kujihifadhi na ubinafsi ni mambo mawili

Makosa mengi katika suala hili hutokana na kuyachanganya maneno. Kujihifadhi ni kuilinda nafsi uliyopewa. Ubinafsi, ambao Waarabu huuita anania, na ukizidi huwa shuhhi, ni kuiona nafsi yako peke yake kuwa ndiyo yenye haki. La kwanza tumeamrishwa na la pili tumekatazwa.

Mwili huu ni amana. Katika Suratun Nisaa aya ya 29 Allah ametukataza kuziua nafsi zetu, na akaeleza kuwa Yeye ni mwenye kuturehemu. Katika Suratul Baqara aya ya 173 amehalalisha nyamafu na nguruwe kwa aliyefikwa na dharura, madhali hakutaka kuasi wala hakuvuka mpaka. Maulamaa wetu wa Kishafii hawakuishia kusema kuwa mwenye kufa njaa anaruhusiwa kula nyamafu. Kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kuwa ni wajibu ale. Mtu akijiachia afe na chakula hicho kipo mbele yake, hatuwezi kumsifu kwa ucha-Mungu, maana ameacha wajibu.

Basi yule mjomba aliyeogelea mpaka akafika nchi kavu hakufanya dhambi kwa kuogelea. Alitekeleza amri.

Mfano mwepesi ni wa ndege. Waliopanda ndege wanajua kuwa kabla haijaruka abiria huelekezwa kuwa hewa ikipungua, kila mtu avae barakoa yake ya oksijeni kwanza, kisha ndiyo amvishe mtoto wake. Mama akisikia hivyo kwa mara ya kwanza moyo humwenda mbio: nivae mimi kabla ya mwanangu? Lakini katika anga ya juu hewa ikitoka ndani ya ndege, mtu mzima hubaki na akili zake kwa muda mfupi sana, mara nyingine chini ya dakika moja. Mama akianza na mtoto na mtoto akawa anapiga mateke, watazimia wote wawili. Akianza na nafsi yake, wote wawili watapona. Hapa kujitanguliza ndiyo njia ya kumwokoa mwingine. Mtume (S.A.W.) alimuusia mmoja katika Masahaba zake aanze na nafsi yake katika kutoa, kikizidi kiende kwa watu wake, kikizidi kiende kwa jamaa, kisha kwa wengine. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Huo ni utaratibu wa kutoa, na anayetoa lazima awe hai kwanza.

Aya inayosomwa nusu

Wapo wanaoitumia Suratul Baqara aya ya 195, ile inayotukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, kama hoja ya kutomsaidia mtu yeyote penye hatari. Ukimwambia kijana jirani anaunguliwa na nyumba, atakujibu kwa aya hiyo.

Sasa tazameni sababu ya kuteremka kwake. Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) aliisikia ikitumiwa hivyo hivyo mbele ya ngome za Konstantinopoli, pale mtu mmoja alipolishambulia jeshi la adui peke yake na watu wakapiga kelele kuwa amejiangamiza. Abu Ayyub akawasahihisha. Akaeleza kuwa aya iliteremka juu yao wao Ansari. Baada ya Uislamu kupata nguvu walisemezana kwa siri kuwa mali zao zimepotea kwa kutoa na kupigana, na kwamba sasa wakae wazitengeneze. Ndipo Allah akawateremshia kuwa maangamizi ni huko kukaa na kuzuia. Wameipokea kisa hiki Abu Daud na Tirmidhi. Na hata ukiisoma aya yenyewe bila ya kisa, inaanza kwa amri ya kutoa katika njia ya Allah na inamalizika kwa amri ya kufanya wema.

Ni kweli kuwa maulamaa wameichukua pia kwa ujumla wa matamko yake, kwa hiyo si halali kujirusha motoni bila faida. Lakini kuisoma nusu na kuifanya kibali cha uchoyo ni kuigeuza juu chini.

Mpaka uko wapi?

Kama kujiokoa ni wajibu, mtu anaweza kufika wapi katika kujiokoa? Hapa wanavyuoni wamechora mstari ulio wazi. Mali ya mwenzio inaweza kutumika kuokoa roho, na deni litabaki. Roho ya mwenzio haiwezi.

Kwa kuwa sisi ni watu wa bahari, tuanze na chombo. Katika vitabu vya fiqhi, likiwemo Minhaj la Imam Nawawi ambalo wanafunzi wetu wakubwa wanalisoma, kuna masuala mazima ya chombo kinachoelekea kuzama. Chombo kikizidiwa na ikawa matumaini ya watu kupona yamo katika kupunguza uzito, mizigo hutupwa. Magunia ya karafuu, mchele, saruji, televisheni ya harusi, vyote huenda majini, hata mwenyewe alie. Aliyetupa mali ya mtu bila idhini yake atalipa baadaye. Na aliyesema, "Tupa mzigo wako, mimi nitakulipa," basi neno lake limemfunga, akifika salama alipe.

Je, mizigo ikimalizika na chombo bado kinazama? Imam Ghazali amelitaja suala hili katika kitabu chake cha usulu, al-Mustasfa. Watu wako chomboni, na wakimtupa mmoja wao majini watapona waliobaki, na wasipomtupa watakufa wote. Akasema haijuzu. Akataja pia watu waliofikwa na njaa, wakataka kupiga kura wamle mmoja wao. Haijuzu vilevile. Mwanafunzi mwenye akili za hesabu atauliza: si bora afe mmoja kuliko kufa kumi? Jibu ni kuwa huyo mmoja hana kosa lolote, na uhai wake si mali ya wale tisa hata waugawe. Wao wakifa watakufa kwa kudra ya Allah, ama yeye akitupwa atakuwa ameuawa na wao.

Na kisa cha Nabii Yunus (A.S.)? Kimetajwa katika Suratus Saaffaat kuwa aliingia katika kura akawa miongoni mwa walioshindwa, akamezwa na samaki. Maulamaa wamesema hiyo ilikuwa katika sharia ya waliotutangulia na kwa Nabii aliyekuwa na jambo lake mahususi na Mola wake. Sisi hatuna ruhusa ya kuiga kura ile.

Hukumu hii inakwenda sambamba na ile ya mtu aliyetishwa kwa bunduki kuwa amuue fulani au auawe yeye. Akilazimishwa kula nyama ya nguruwe, atakula. Akilazimishwa kutamka neno la ukafiri na moyo wake umetulia juu ya imani, ameruhusiwa. Kuua asiye na hatia hakuna ruhusa, kwa sababu damu yake si nyekundu zaidi kuliko damu ya huyo anayetishwa kuuawa.

Chakula kimoja, watu wawili

Njoo kwenye njaa, maana hapa mambo ni marefu kidogo. Ukiwa na chakula na wewe mwenyewe ni mwenye dharura, wewe una haki zaidi ya chakula chako, na mwingine haimjuzii kukunyang'anya hata kama naye anakufa. Lakini ukiwa nacho na huna dharura, ni wajibu umpe mwenye dharura. Una haki ya kudai thamani yake. Ukimnyima, sharia inampa ruhusa akichukue kwa nguvu. Mwenye shibe aliyefunga ghala yake wakati wa njaa hana pa kujificha katika fiqhi yetu.

Baina ya hayo mawili ndipo unapoingia ithari, yaani kumpendelea mwenzio kwa kitu ambacho nawe unakihitaji. Nawawi amesema mwenye chakula aliye katika dharura akimpa Mwislamu mwenzake mwenye dharura, inajuzu. Hakusema ni wajibu. Hili walimu tulitilie mkazo, kwani tukiwafundisha watoto kuwa kila Mwislamu lazima afe kwa ajili ya mwenzake, tutawabebesha jambo ambalo sharia haikuwabebesha, na wale walioponea chupuchupu tutawaacha na majuto yasiyokuwa na msingi.

Sifa ya ithari imo katika Suratul Hashr aya ya 9, na sababu yake iliyo katika Bukhari na Muslim inajulikana sana. Ansari na mkewe walimpokea mgeni wa Mtume, nyumbani hamna ila chakula cha watoto. Wakawalaza watoto, wakazima taa, mgeni akala wakawa wanajifanya nao wanakula. Kisa kitukufu, lakini tusikipe zaidi ya kilichonacho: ilikuwa njaa ya usiku mmoja, na hakuna mtoto aliyekufa.

Kisa cha kifo ni cha Yarmuk, vita vya mwaka wa 15 Hijria (636). Kimepokewa kwa njia mbalimbali na majina yanatofautiana. Katika baadhi ya riwaya wametajwa Harith bin Hisham, Ikrima bin Abi Jahl na Ayyash bin Abi Rabia. Majeruhi wa kwanza aliletewa maji, akamwona wa pili anamtazama, akasema apelekewe yule. Wa pili akamwona wa tatu. Maji yalipomfikia wa tatu alikuwa ameshafariki. Wakarudi kwa wa pili, amefariki. Wakarudi kwa wa kwanza, amefariki.

Kijana mmoja mwerevu atasema: basi maji yalipotea bure, si bora wa kwanza angekunywa? Swali lake tusilikemee. Watu wale walikuwa na majeraha ya kufisha na hapana ushahidi kuwa maji yangemponya hata mmoja. Walichokuwa nacho mkononi kilikuwa namna ya kufa tu, nao wakaichagua. Kisa hiki kinatufunza ukubwa wa nafsi zao. Hakitufunzi namna ya kugawa maji. Kwa hilo tunavyo visa vingine ambavyo havisomwi sana, nami naona vina faida kubwa zaidi kwa wanaotaka kuishi.

Kitambaa kimoja, tende moja

Watu wa kabila la Ashari, ndio watu wa Abu Musa (R.A.), walikuwa na desturi. Chakula chao kikipungua vitani, au kikawa kichache kwa aila zao Madina, walikusanya chote walichonacho katika kitambaa kimoja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (S.A.W.) akawasifu kuwa wao ni wa kwake na yeye ni wa kwao. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Angalieni kwamba hapa hakuna aliyekufa kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyefungua mfuko wake peke yake gizani. Kila mmoja alipata fungu lake.

Kisa cha pili kimesimuliwa na Jabir bin Abdillah (R.A.), naye alikuwemo. Mtume alituma watu 300 kwenda pwani, amiri wao Abu Ubayda bin al-Jarrah. Chakula kikapungua njiani. Abu Ubayda akaamrisha akiba za jeshi zote zikusanywe, zikawa mifuko miwili ya tende. Akawa anawapa kidogo kidogo kila siku, mpaka ikafika tende moja kwa mtu kwa siku. Jabir aliulizwa tende moja inafaa nini, akajibu kuwa walitambua thamani yake pale ilipokosekana. Walikuwa wakiinyonya kama mtoto anavyonyonya, kisha wakinywa maji juu yake. Wakapiga majani ya miti kwa fimbo, wakayalowesha na kuyala. Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno, wakala kwake siku nyingi mpaka miili yao ikarudi.

Katika kisa hicho hicho mna jambo ambalo wengi hulipita. Mtu mmoja katika jeshi, anayetajwa kuwa ni Qays bin Saad bin Ubada, alikuwa akichinja ngamia kuwalisha wenzake. Akachinja watatu, kisha watatu, kisha watatu, halafu Abu Ubayda akamzuia. Qays alitoka katika nyumba ya watu wakarimu, na alilofanya ni wema mtupu. Lakini jeshi lililokula vipando vyake lingerudi vipi Madina? Kwa hiyo wakati wa hatari hata ukarimu unahitaji amiri. Naona hili ni somo lenye uzito kuliko sifa zote za ushujaa tunazowasimulia watoto, maana mara nyingi tunadhani kinyume cha ubinafsi ni kutoa tu, kumbe ni kutoa kwa mpango.

Sayyidna Umar (R.A.) alifanya hivyo kwa umma mzima katika mwaka wa 18 Hijria, uliojulikana kwa jina la Mwaka wa Majivu kwa ukame wake. Alijizuia samli na nyama mpaka watu wapate, akawa anakula mkate kwa mafuta hadi rangi yake ikabadilika. Imepokewa pia kuwa alisema lau Allah asingeleta faraja, angeingiza katika kila nyumba ya Waislamu yenye nafasi idadi ya mafakiri iliyo sawa na watu wake, kwa kuwa watu wawili hawaangamii kwa kula kinachomtosha mmoja. Hebu lifikirini neno hilo. Umar hakuwataka wenye nacho wafe. Alipima: nusu ya shibe haiui, na njaa kamili inaua.

Wenye hesabu wanasema nini?

Haitakuwa uadilifu tukitaja visa vizuri tu. Mwaka wa 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, Mikael Elinder na Oscar Erixson, walichapisha uchunguzi wa ajali 18 za meli zilizohusu watu zaidi ya 15,000. Watu wengi wanaijua habari ya Titanic iliyozama Aprili 1912, ambamo wanawake na watoto walitangulizwa katika mashua na wanaume wengi wakabaki kufa. Wachunguzi hao wakaona Titanic ilikuwa kinyume cha kawaida. Kwa jumla wanawake walipona kwa uchache kuliko wanaume, na waliopona kwa wingi kuliko abiria wote walikuwa mabaharia na manahodha wenyewe. Kila mtu na roho yake.

Je, hii inathibitisha kuwa anayepona ni mbinafsi? Si moja kwa moja. Baharia anajua mlango uko wapi na mashua inashushwaje, na mwenye nguvu za mikono huogelea zaidi. Kupona kwao peke yake si ushahidi wa uovu wao. Lakini tusijidanganye pia: nahodha anayetangulia kutoka huku abiria wamelala chini ameikhini amana. Tena walikuta jambo moja linalotuhusu. Pale nahodha alipotoa amri kuwa wanawake na watoto watangulie, hali ya wanawake ilikuwa bora. Amri ya mkubwa mmoja ilibadilisha matendo ya mamia ya watu waliotishika. Abu Ubayda na mifuko yake miwili, kwa maneno mengine.

Ubinafsi wa bandarini

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, wengine wakiwa wameshikilia magodoro yaliyokuwa yakielea, na wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kuwanusuru. Miili iliyopatikana ilikuwa 200 na kidogo, na waliotajwa baadaye katika uchunguzi wa Serikali kuwa hawakuonekana walizidi 1,300. Meli ilikuwa imejaa kupita kiasi, watu na mizigo. Allah awarehemu wote.

Tukitaka kujua ubinafsi ulikuwa wapi usiku ule, tusiutafute kwa mtu aliyeng'ang'ania godoro. Utafuteni mapema zaidi. Kila tiketi inayouzwa baada ya nafasi kwisha, kila gunia linaloongezwa baada ya mstari wa maji kufunikwa, kila abiria anayepenyeza kitu mkononi mwa mtu ili apandishwe kwa sababu "mimi nina haraka", huo ndio ubinafsi unaoua, na hufanywa mchana, watu wakiwa wametulia, bila ya dharura yoyote. Majini huko hufikia matokeo yake tu.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano huu huu wa chombo, katika hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyo katika Bukhari. Watu walipiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakachoka kupanda juu kuteka maji, wakasema tutoboe tundu katika sehemu yetu tusiwaudhi walio juu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote. Hawa wa chini hawakuwa wakatili, walikuwa wakisema maneno ya adabu kabisa: sehemu yetu, tusiwaudhi wenzetu. Na wa juu hawakutakiwa kutoa roho zao. Walitakiwa kushika mikono ya watu kabla ya tundu.

Kwa hiyo mzazi anayeteremka na watoto wake katika chombo kilichojaa, na akawaambia wengine, na akamwambia msimamizi bila ya kuona haya, huyo amefanya kazi ya watu wa juu.

Anayezama na anayeokoa

Tumalize na mambo ya kutenda, kwani vijana wetu wanaoga baharini kila Ijumaa.

Anayezama hukamata chochote, na akimkamata mwenziwe humdidimiza. Hilo ni silika ya mwili unaokosa pumzi, hana lawama. Lakini wewe muokoaji usimwendee mikono mitupu. Mara nyingi anayezama hufa pamoja na ndugu yake aliyeruka kumfuata. Mtupie dumu tupu lililofungwa kizibo, mnyooshee upondo au ubao, mrushie kamba au kanga mbili zilizofungwa pamoja, na upige kelele uite watu. Anayejua kuogelea vizuri na ana kitu kinachoelea ndiye aingie. Asiyejua kuogelea haimuwajibikii kuingia. Wajibu wake ni dumu, kamba na sauti. Na aliyekamatwa na mzamaji akajinasua ili apumue, kisha akarudi na kitu cha kumshikisha, hakumtupa mwenziwe.

Tusisahau na elimu. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, watu wengine walikuwa hai ndani ya tumbo lake, ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka kwa tundu hilo, nayo ikazama. Waliotoboa walitaka kuokoa.

Na jaketi la kujiokolea likiwa moja na watu ni wawili? Aliyelivaa ana haki nalo, na mwenzake hana ruhusa ya kumvua. Akimpa kwa hiari yake, hiyo ni ithari, na ujira wake kwa Allah. Mwenye watoto wadogo wanaomtegemea alifikirie hilo kabla ya kutoa. Lakini kabla ya kufika huko watazame kama jaketi moja laweza kuwashikilia wawili, mmoja amelivaa na mwingine amelishika, maana mara nyingi huweza, na hofu ndiyo inayowafanya wadhani kuwa lazima mmoja afe.

Ukiwa katika sala na ukasikia mtu anazama nawe unaweza kumwokoa, ikate sala, ni wajibu, kisha utaisali. Ukiwa umefunga Ramadhani na ikawa huwezi kumwokoa ila kwa kufungua, ufungue. Izzuddin bin Abdis Salam ameyataja yote mawili. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, aliyefungua kwa ajili ya kumwokoa mtu analipa siku ile, na juu yake atatoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini, sawa na mama anayenyonyesha aliyefungua kwa kumkhofia mtoto wake. Wanafunzi huuliza kwa nini atozwe kibaba na hali amefanya wema, na mgonjwa aliyefungua halipi ila siku tu. Maulamaa wamejibu kuwa mgonjwa amefungua kwa manufaa ya mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe, ama muokoaji kufungua kwake kumewanufaisha watu wawili.

Wallahu aalam.